Ufipa, Mahali Wageni Walipotahiniwa kwa Ulimi

Katika nyanda za juu za Ufipa, mgeni aliyekuja na kazi ya muda mrefu alipimwa kwa lugha kabla ya kuaminiwa. Padri, bwana shauri, mtafiti, mwalimu wa kujitolea, wote walipita mbele ya masikio ya watu wa Chala, Kate, Kirando, Mwazye na Sumbawanga, na masikio hayo ndiyo yaliyoamua nani amefaulu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Chala, wilaya ya Nkasi. Mwaka huu najiandaa kwa mtihani wa lugha wa kwangu mwenyewe: Mtihani wa Uwezo wa Lugha ya Kijapani, ngazi ya N5, ambao nimeamua kuufanyia Nairobi mwezi wa Desemba. Nilipoanza kupanga miezi ya kujisomea, niligeukia kwanza historia ya kwetu. Mtu mzima mwenye kazi, shamba na familia anaipataje lugha ya mbali kwa miezi michache? Swali hilo limeulizwa katika nchi hii tangu enzi za babu zetu, na majibu yake yapo.

Jibu la kwanza lilikuja na misheni. Mwaka 1868 Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza kuelekea Maziwa Makuu, na mapema mwaka 1879 mapadri hao walikuwa wamefika Ujiji. Katika maelekezo aliyowapa kulikuwa na kanuni kali kuhusu lugha: ikitimia miezi sita tangu kufika kituoni, wamisionari wasizungumze hata wao kwa wao isipokuwa kwa lugha ya watu wanaoishi nao. Kifaransa kilipaswa kukoma mezani, njiani na katika maongezi ya jioni. Aliwataka pia watunge kamusi, na kila kituo kilitunza shajara yake. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, kituo kilichokuwa cha Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hiyo ya ziwa walipanda taratibu hadi huku juu, kwenye baridi na nyasi ndefu, wakafungua misheni zao katika nchi za watemi wa Nkansi na Lyangalile.

Kanuni ya miezi sita ilikuwa na sababu ya kazi ndani yake. Padri asiyejua lugha angeweza kuadhimisha Misa, kwa kuwa Misa ilikuwa ya Kilatini, lakini asingeweza kusikiliza kitubio. Fikiria kazi hiyo ilivyo. Mtu anapiga magoti, ananong'ona kwa lugha ya nyumbani kwao, pengine anatetemeka, tena mambo anayoyasema hayamo katika kitabu chochote cha sarufi. Anayasema mara moja. Padri hawezi kuita mkalimani, na akimwomba mtu arudie kila sentensi, muungamaji huyo hatarudi tena. Sijui mtihani wa kusikiliza ulio mgumu kuliko huo, na ndio uliomngoja kila padri kijana aliyetumwa Ufipa.

Waliowaandaa kwa mtihani huo walikuwa watu wa hapa hapa. Babu yangu mzaa mama alikuwa katekista, na kazi mojawapo aliyoifanya bila kuitwa mwalimu ilikuwa kumfundisha padri mgeni Kifipa. Alinisimulia jinsi padri alivyotoka alasiri na daftari lake, akakaa na wanaume waliokuwa wakichonga mipini, akawa ananyoosha kidole na kuuliza. Siku ya kwanza aliuliza majina ya vitu: jembe, mpini, shoka. Siku zilizofuata akauliza matendo: kuchonga, kutia mpini, kukaza. Baadaye akaanza kuuliza kwa nini: kwa nini mti huu na si ule, kwa nini mpini mfupi kwa kazi hii. Babu alisema padri akikosea alimwacha amalize, kisha yeye akaisema upya sentensi ile ile kwa usahihi, na padri akaiandika. Kipimo cha babu kilikuwa watoto. Mgeni akizungumza na watoto wakawa wanaigiza anavyosema, bado. Watoto wakimjibu alichouliza na kuendelea na mchezo wao, amefika.

Ninapotazama vitabu vilivyotokana na kazi hiyo, naona mipaka na faida zake. Mwaka 1914 Padri R. Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos makala ndefu kuhusu wafua vyuma wa nchi za Tanganyika, na Ufipa ndiyo iliyokuwa na malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu na kuwaka kwa upepo wa asili bila mivukuto. Huwezi kuandika jinsi lungu linavyojengwa, dawa zinazowekwa chini yake na miiko ya wanaoyeyusha kwa kutumia ishara za mikono. Kuna mtu aliyemweleza, akamrudia, akamsahihisha. Askofu Adolphe Lechaptois naye alichapisha kitabu chake kuhusu watu wa kando ya Tanganyika mwaka 1913, na humo pia maarifa mengi yalitoka katika vinywa vya watu ambao msomaji hapewi majina yao. Jambo hilo linaniuma, na nitalirudia.

Wakati mapadri wakijifunzia huku kwenye vibaraza, serikali ya Kijerumani ilichagua njia ya darasa. Mwaka 1887 katika Chuo Kikuu cha Berlin ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki ili kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wakalimani. Miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo zilikuwamo Kiarabu, Kichina, Kituruki, Kiajemi, Kihindustani, Kiswahili na Kijapani. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama kidogo. Lugha yangu na lugha ninayoihangaikia leo zilifundishwa chini ya paa moja zaidi ya miaka 130 iliyopita, na kila moja ilikuwa na mwenyeji wake darasani. Kijapani kilifundishwa kuanzia 1887 hadi 1890 na Tetsujiro Inoue, mwanafalsafa ambaye baadaye alipata jina kubwa kwao. Kiswahili kilikuwa na Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur wa Unguja, na kuanzia mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu ambaye kalamu yake ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903.

Maofisa waliofundwa Kiswahili kwa njia hiyo ndio waliotumwa kwenye vituo kama Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kwenye pwani ya ziwa kusini ya hapa. Wafipa waliokwenda huko kwa kesi, kodi au barua walikutana na Kiswahili kilichopitia Berlin. Lakini Mtoro, aliyekuwa akikifundisha, alikumbana na wanafunzi ambao hawakutaka kukosolewa na Mwafrika, na kazi yake katika seminari ile ilikwisha mwaka 1905 baada ya ubaguzi huo. Darasa lilitaka lugha yake bila kumheshimu yeye. Mwalimu yeyote anayesoma habari hiyo anaelewa hasara iliyopatikana pande zote mbili, kwa maana mwanafunzi anayemdharau msahihishaji wake amejifungia mlango wa sikio.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliufanya mtihani kuwa sharti la kazi. Ofisa wa serikali alipaswa kufaulu Kiswahili, kwa maandishi na kwa mazungumzo, kwanza ngazi ya chini kisha ya juu, na kutofaulu kulimchelewesha kuthibitishwa kazini au kupanda mshahara. Mahitaji hayo yalikwenda pamoja na kazi ya kusanifisha lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, katibu wake akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zake zilitoka mwaka 1939. Mwaka 1944 ikatoka sarufi ya E. O. Ashton. Bwana shauri aliyepangiwa Sumbawanga aliweza kuja na vitabu hivyo sandukuni. Hata hivyo, hapa alikuta watu wazima wengi ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili kama kwake, na barazani alihitaji mtu wa kumvukisha kutoka Kiswahili hadi Kifipa. Cheti kilimfikisha ofisini. Kusikiliza shauri la mipaka ya mashamba kulimhitaji mzee wa kijiji.

Mgeni wa mwisho wa zamani ninayemtaja ni Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika Ufipa mwaka 1962, mwanzoni kabisa mwa uhuru. Yeye alikusanya hadithi na masimulizi ya Kifipa na kuyachapisha mwaka 1978. Hadithi ni mtihani wa aina yake, kwa sababu msimuliaji hasubiri. Anayeelewa anaitikia pale panapostahili, na asiyeelewa anajulikana na baraza zima.

Wajapani nao waliingia katika historia hii kupitia ziwa letu. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe katika milima ya Mahale, kaskazini ya Karema, katika nchi ya Watongwe. Utafiti huo umeendelea hadi leo, na milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kumfuata sokwe msituni ni kujua anachokula, na majina ya vyakula hivyo yalikuwa kwa Watongwe. Ndiyo maana mwaka 1981 Nishida na mwenzake Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Makoto Kakeya aliishi katika vijiji vya Watongwe akiandika jinsi wanavyopata chakula na jinsi waganga wao wanavyofanya kazi. Yoichi Wazaki, aliyefanya utafiti upande wa Mangola karibu na Ziwa Eyasi, alitoa kamusi ya Kiswahili na Kijapani mwaka 1980. Tangu mwaka 1967 Tanzania imepokea pia vijana Wajapani wa kujitolea, ambao kabla ya kuja hukaa kambini kwao, mahali kama Komagane au Nihonmatsu, kwa muda wa kama siku 70, wakisomeshwa lugha kutoka asubuhi. Nimefanya kazi na mmoja wao aliyefundisha hisabati mkoani kwetu. Kiswahili chake cha wiki za kwanza kilikuwa cha daftarini, chenye adabu na kigumu. Kabla muhula haujaisha mama wauza mboga walikuwa wamemfundisha kilichobaki.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuchagua Kijapani. Mengi yameandikwa kwa lugha hiyo kuhusu watu wa ziwa na wa nyanda hizi, na sisi wenyewe hatuyasomi. Watafiti hao walijifunza kutusikiliza. Nataka siku moja nisome walichowaambia watu wa kwao juu yetu. Najua umbali wa safari hiyo. Mtihani wa Kijapani ulianza mwaka 1984 ukiwa na watahiniwa wapatao 7,000. Hadi 2009 ulikuwa na ngazi nne, na kuanzia 2010 zikawa tano, N5 ikiwa ya chini na N1 ya juu kabisa. Kwa viwango vya mtihani ule wa zamani, ngazi ya chini ilihitaji saa 150 za masomo, kanji zipatazo 100 na maneno 800. Ngazi ya juu ilihitaji saa 900, kanji 2,000 na maneno 10,000. N5 ni kizingiti cha mlango tu, lakini nyumba haiingiwi bila kukivuka.

Mpango wangu umejengwa juu ya kalenda ya Ufipa, kwa kuwa mpango unaopuuza shamba hapa hufa mwezi wa kwanza. Saa 150 kutoka Machi hadi Desemba ni wastani wa saa nne kwa wiki. Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, ni mwezi wa kutengeneza intumba, yale matuta ya nyasi zilizofukiwa ili zioze na kurutubisha ulezi wa msimu unaofuata. Mwezi huo naupa hiragana na katakana, herufi 46 za msingi kwa kila aina. Kazi yake ni ile ile ya intumba: unafukia mapema kitu ambacho huoni faida yake leo, na ukichelewa mvua ikakatika, hutakipata tena kwa mwaka huo. Aprili na Mei, maharage yanapong'olewa, nachukua maneno, machache kila siku, niyabebe shambani kwenye vikaratasi. Juni na Julai huku juu ni baridi ya kuvaa koti hadi saa nne asubuhi, na mahindi yanaingia ghalani. Jioni ni ndefu na watu wamekaa ndani, kwa hiyo hiyo ndiyo miezi ya sarufi na kanji. Agosti hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu na kazi za shamba zimepungua, ni miezi ya kusoma vifungu na kufanya mitihani ya majaribio kwa saa. Usajili nao haungoji: hufungwa miezi kadhaa kabla ya Desemba, basi umewekwa katika mpango kama zao lenye msimu wake. Novemba mvua zinarudi na watu wanapanda. Mwezi huo sijifunzi kipya. Narudia tu, kisha nafunga safari ya basi kwa njia ya Tunduma, Mbeya, Dodoma, Arusha na Namanga.

Kusikiliza hakuna mwezi wake, kwa sababu kuko katika miezi yote. N5 ina alama 180. Maneno, sarufi na kusoma vina 120, kusikiliza kuna 60. Kufaulu kunahitaji 80 kwa jumla, na pia usishuke chini ya 38 katika kundi la kwanza wala chini ya 19 katika kusikiliza. Mtu anaweza kuwa na jumla nzuri na bado aanguke kwa sikio. Rekodi inachezwa mara moja. Hapo nawakumbuka wale mapadri vijana na muungamaji wao, na naelewa kwamba sikio halifundishwi wiki ya mwisho. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nasikiliza mazungumzo mafupi kwenye simu, nikiyapakua mjini Sumbawanga pale mtandao unapokuwa na nguvu. Nasema pamoja nayo kwa sauti, na tuna bahati moja: silabi za Kijapani kwa sehemu kubwa ni konsonanti na irabu kama zetu, na irabu zake ni zile zile tano, hivyo mdomo wa Mfipa hauteseki sana. Ugumu uko kwenye kutofautisha irabu fupi na ndefu, na kwenye kitenzi kinachokaa mwisho wa sentensi.

Mtihani huu hauna sehemu ya kuzungumza. Yote ni kuchagua jibu. Mtu anaweza kuufaulu bila kusema neno na mtu. Historia ya Ufipa inanikataza kupanga hivyo. Mapadri walipewa miezi sita na meza isiyo na Kifaransa. Maofisa wa Berlin walipewa Amur na Mtoro. Wajapani wa Mahale walipewa Watongwe waliojua kila mti. Hakuna hata mmoja aliyeipata lugha kwa kitabu peke yake, na mpango ambao ndani yake hamna mtu wa kukusahihisha una saa nyingi lakini hauna mwalimu. Kwa hiyo nimemwomba binti mmoja aliyejifunza Kijapani alipokuwa chuo kikuu Dodoma awe katekista wangu. Jumapili baada ya Misa tunazungumza kwa simu. Nimeiweka kanuni ya Lavigerie: ikitimia miezi sita, tusizungumze Kiswahili katika maongezi hayo hata nikikwama. Nikikosea ananiacha nimalize, kisha anaisema sentensi upya, na mimi naiandika.

Jina lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu, pamoja na tarehe tuliyoanza. Nataka tufanye vivyo hivyo kwa wale waliotangulia. Katika vitabu vya misheni na vya watafiti kuna majina ya wageni waliojifunza, vyeo vyao na miaka yao. Waliowafundisha hawamo, ingawa wao ndio waliokuwa kitabu, mwalimu na mtahini kwa pamoja. Wengi wamekufa, lakini watoto na wajukuu wao wapo Chala, Kate na Kirando, na bado wanakumbuka nani alikuwa akitoka alasiri kukaa na padri mwenye daftari.

Likizo hii nimewapa wanafunzi wangu kazi moja. Kila mmoja aende kwa mzee wa ukoo wake aulize nani katika familia aliwahi kumfundisha mgeni lugha, awe padri, sista, mwalimu au mtafiti. Aandike jina, kijiji, lugha iliyofundishwa na miaka inayokadiriwa, kisha aisomee familia alichoandika ili wamsahihishe. Majina hayo yataingia kwenye daftari moja litakalokaa shuleni, na babu yangu atakuwa wa kwanza. Historia ya mitihani ya lugha katika Ufipa haitakamilika mpaka watahini wake wawe na majina, na kazi ya kuyapata ni yetu, kwa sababu sisi ndio tunaojua mlango wa kubisha.